Jenomu ya mkonge inapokwama: dalili, visababishi na tiba, kuanzia kwenye jani hadi kwenye kompyuta

Mwongozo huu ni wa fundi wa maabara, mwanafunzi wa uzamili au mtafiti aliyekabidhiwa kazi ya kusoma jenomu ya mkonge, yaani DNA yake yote, na sasa kuna mahali kazi imekataa. Nimeupanga kwa dalili kwa sababu ndivyo maswali yanavyokuja: DNA imekuwa ute, chipu imekufa usiku uleule, jenomu imetoka kubwa mno. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachotokea mara nyingi kimetangulia, na uchunguzi usio na gharama umetangulia ule wa gharama.

Niuweke wazi msimamo wangu. Matatizo mengi ya mkonge yanayoonekana kwenye kompyuta yalizaliwa shambani siku jani lilipokatwa, au yalizaliwa kwa kutojua mmea una seti ngapi za kromosomu. Ndiyo maana karibu kila dalili hapa inakurudisha kwenye mmea kabla ya kukutuma kununua data zaidi. Data ni ghali. Kurudi shambani ni nafuu.

Kabla ya dalili yoyote: una mmea gani?

Mkonge wa kawaida, Agave sisalana, una seti tano za kromosomu, kila seti ikiwa na 30. Jumla ni 150. Aina chotara ya 11648 ina seti mbili tu, jumla 60. Seti moja ya agave inakaribia bezi (herufi za DNA) bilioni 4, kubwa kuliko seti moja ya binadamu, ambayo ni takriban bilioni 3.1. Linganisha na mazao mengine ya nyuzi: kitani na juti ni kama bezi milioni 400 kila moja, na pamba ya kawaida ni takriban bilioni 2.4 ikiwa na jenomu mbili za wazazi wake ndani yake. Kwa hiyo ukitaka kila seti isomwe mara 20, chotara inadai bezi bilioni 160, na mkonge wa kawaida unadai bilioni 400. Anayekosea hapa hukosea bajeti nzima.

Tena mimea hii miwili ina historia tofauti. Mkonge wa kawaida uliletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf kutoka Florida. Kati ya vimche elfu moja vilivyosafirishwa, 62 tu ndivyo vilivyofika hai. Tangu hapo umeenezwa kwa maotea na kwa vimche vinavyoota kwenye mlingoti wa maua, si kwa mbegu, hivyo mashamba makubwa ni nakala za mimea michache. Chotara 11648 ilizalishwa Afrika Mashariki kwa kuchanganya Agave amaniensis na Agave angustifolia, kisha mtoto akarudishwa kwa mzazi wa amaniensis. Leo ndiyo aina kuu ya mkonge hata nchini China.

Kama una uhuru wa kuchagua, anza na chotara. Wenzetu wa pamba walifanya hivyo hivyo: jamaa wa pamba wenye seti mbili, Gossypium raimondii na Gossypium arboreum, walisomwa mwaka 2012 na 2014, na pamba ya kawaida yenye seti nne ikafuata mwaka 2015.

Kuthibitisha mmea: usitegemee kibao cha shambani peke yake. Hesabu kromosomu kwenye ncha za mizizi ya otea changa. Ukiwa na mashine ya kupima DNA ya kiini kwa mtiririko wa seli, ni haraka zaidi, lakini angalia mmea wa kulinganishia. Njegere aina ya Ctirad, inayotumiwa sana, ina pikogramu 9.09 za DNA kwa kiini, na agave yenye seti mbili iko karibu hapohapo, hivyo vilele viwili vinaweza kulaliana na ukasoma kimoja ukidhani ni kingine. Kwa chotara tumia mmea wa kulinganishia wenye jenomu kubwa zaidi, kama baghala (Vicia faba).

Dalili ya 1: DNA inateleza kama ute, haizami kwenye kisima cha jeli

Hili ndilo lalamiko namba moja. Unaona donge kubwa, jeupe au lenye ukungu, unafurahi, kisha pipeti inavuta uzi na sampuli inaelea kwenye kisima cha jeli badala ya kuzama.

Kisababishi cha kwanza ni sukari ndefu. Agave huhifadhi chakula kama fruktani, na majani yake yana ute mwingi. Ukimwaga alkoholi, sukari hizo huganda pamoja na DNA. Anayefanya kazi na juti atakutana na jambo hilohilo: Corchorus olitorius ni mojawapo ya mimea tunayoipika kama mlenda, na kile kinachofanya mboga iteleze ndicho kinachoharibu sampuli.

Anza na marekebisho rahisi. Punguza jani. Watu huongeza jani wakitaka DNA zaidi, wakati kinachoongezeka ni ute. Kisha badilisha sehemu unayokata: acha jani la kijani lililokomaa, chukua msingi mweupe wa majani machanga yaliyofungana katikati ya mmea. Hapo nyuzi hazijakomaa, kloroplasti ni chache na viini ni vingi kwa kila gramu. Badiliko hili moja linaondoa nusu ya dalili zilizomo kwenye mwongozo huu, na ningeomba kila mtu alifanye kabla ya kugusa kemikali nyingine.

Ikiwa ute bado upo, osha unga wa jani kwa bafa ya sorbitoli kabla ya kuweka bafa ya CTAB (sabuni inayotenga DNA na sukari). Zungusha kwenye sentrifuji, mwaga majimaji, rudia mpaka majimaji ya juu yaache kuvuta. Halafu kagua chumvi: sodiamu kloridi ikipungua mno chini ya moli 1.4 kwa lita, CTAB haiwezi kuitenga sukari na DNA. Usiweke bafa ya CTAB kwenye barafu; chini ya nyuzi joto 15 hivi CTAB yenyewe huganda na utadhani umepata DNA.

Kisababishi kinachosahaulika ni baridi wakati wa kugandisha DNA, yaani kuitoa kwenye majimaji kwa alkoholi. Wengi huacha sampuli na isopropanoli kwenye friza usiku kucha. Kwa mkonge, hilo hukusanya ute. Gandisha kwa joto la chumba, kwa dakika chache, na uongeze chumvi ifike moli 2 hivi ili sukari ibaki kwenye majimaji. DNA ikionekana kama uzi, ivue kwa ncha iliyopinda badala ya kuizungusha kwa kasi kubwa.

Dalili ya 2: NanoDrop inasema DNA nyingi, Qubit inasema kidogo

Zote mbili ni mashine za kupima kiasi cha DNA. Amini Qubit. NanoDrop inahesabu kila kinachonyonya mwanga wa nanomita 260, ikiwemo RNA na fenoli. Qubit inahesabu DNA yenye nyuzi mbili tu.

Mara nyingi tofauti hiyo ni RNA. Weka kimeng'enya cha RNase A, subiri nusu saa kwa nyuzi 37, safisha, pima tena. Tofauti ikibaki, tazama uwiano wa 260 kwa 230. DNA safi hukaa kati ya 2.0 na 2.2. Ukiona 1.2 una sukari, fenoli au mabaki ya CTAB. Osha donge mara mbili kwa ethanoli ya asilimia 70 na urudie kipimo. Uwiano wa 260 kwa 280 peke yake hauwezi kukuokoa. Nimeona sampuli nyingi zenye 1.8 nzuri kabisa ambazo zilikuwa zimejaa ute.

Simama hapa ikiwa kipimo cha NanoDrop kinazidi cha Qubit zaidi ya mara mbili. Usiitume sampuli hiyo kwenye kituo cha usomaji. Wataipokea, wataitoza, na haitasomeka.

Dalili ya 3: donge ni la kahawia

Polifenoli zimeoksidishwa na hewa na kujishika kwenye DNA. Kisababishi cha kawaida ni muda: jani lilikatwa asubuhi likafika maabara jioni ndani ya mfuko wa plastiki. Cha pili ni beta-merkaptoethanoli iliyowekwa kwenye bafa wiki iliyopita; hiyo huwekwa siku ileile, dakika za mwisho. Cha tatu ni ukosefu wa PVP, polima inayonasa polifenoli.

Donge la kahawia halioshwi likawa jeupe. Litupe, rudi kwenye jani jipya, na gandisha vipande shambani kwenye nitrojeni kimiminika au barafu kavu. Wa pamba wana shida zaidi yetu kwa sababu ya gosipoli, polifenoli ya pamba.

Dalili ya 4: DNA ni safi lakini imekatika vipande vifupi

Jani la mkonge ni gumu, kwa hiyo mtu husaga sana. Hapo ndipo DNA hukatika. Unga ukianza kushikamana kwenye kinu, umeshapata joto na vimeng'enya vinavyokata DNA vimeamka. Ongeza nitrojeni kabla haijakauka, saga kwa mizunguko mifupi. Msingi mweupe wa majani machanga husagika kirahisi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuutumia.

Baada ya kusaga, visababishi kwa mfuatano wake ni hivi: kutikisa kwa mashine ya kuchanganyia badala ya kupindua bomba taratibu, ncha nyembamba za pipeti, na kuyeyusha na kugandisha sampuli mara nyingi. Kata ncha za pipeti au nunua zenye mdomo mpana. Gawa DNA kwenye mabomba madogo, uhifadhi ya kutumia wiki hii kwenye friji ya nyuzi 4.

Kabla hujaamua kwamba imekatika, hakikisha kipimo chako kinaweza kuona. Jeli ya kawaida ya agarosi haitofautishi vizuri vipande vinavyozidi bezi 20,000 hivi. Vyote hukaa juu kama mstari mmoja. Kwa vipande virefu unahitaji umeme unaobadilisha mwelekeo au mashine ya kapilari iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Maabara yako isipokuwa nayo, omba kituo cha usomaji kipime kwanza, kabla ya kuandaa maktaba, yaani DNA iliyotayarishwa kuingia kwenye mashine ya kusoma.

Ikiwa umefanya yote na bado vipande havifiki urefu unaohitajika, acha kusaga jani zima. Toa viini kwanza, vioshe, kisha vipasue. Ni kazi ya siku mbili na inahitaji mkono uliozoea. Mara ya kwanza fanya na mtu aliyewahi kuifanya.

Hatari za hatua hizi si za kupuuzwa. Maji ya mkonge yana saponini na fuwele za oksaleti, na kila aliyefanya kazi korona, kiwanda cha kutoa nyuzi kwenye majani, anajua yanavyowasha ngozi. Vaa glavu, na miwani kwa ajili ya mwiba wa ncha ya jani. Mwiba ukigusa jicho, acha kazi na uende hospitali, usilisugue. Fenoli ikimwagikia ngozi, osha kwa maji mengi na uende hospitali hata kama haiumi, kwa sababu fenoli hutia ganzi huku inaunguza. Kloroformu na beta-merkaptoethanoli hufunguliwa ndani ya kabati la kuvuta mvuke tu. Nitrojeni kimiminika haitumiki kwenye chumba kilichofungwa, wala haifungiwi kwenye bomba lenye kifuniko kigumu. Kama maabara haina kabati la mvuke linalofanya kazi, sitisha hatua hii na uombe nafasi kwenye maabara yenye nalo.

Dalili ya 5: chipu ya nanopore inapoteza vitundu haraka

Chipu ya nanopore husoma DNA inapopita kwenye vitundu vidogo sana. Angalia hali yake kabla ya kupakia DNA, siyo baada. Chipu ya MinION yenye vitundu hai chini ya 800 unapoipokea iko ndani ya dhamana ya mtengenezaji. Ukipakia kwanza ndipo ulalamike, umechelewa.

Chipu ikiwa ilianza vizuri, mshukiwa wa kwanza ni ute uleule wa dalili ya 1. Vitundu huziba kimoja baada ya kingine ndani ya saa chache. Simamisha usomaji, osha chipu kwa vifaa vya kuoshea vyenye kimeng'enya kinachomeng'enya DNA, pakia tena. Vitundu vikirudi kisha vikafa tena kwa kasi ileile, tatizo liko kwenye sampuli na hakuna chipu itakayoiponya.

Mshukiwa wa pili ni DNA ndefu kupita kiasi iliyojisokota. Ikate kidogo kwa sindano au uondoe vipande vifupi tu na upunguze kiasi cha kupakia. Wa tatu ni kiputo cha hewa. Kiputo kikipita juu ya vitundu, vile vimekufa moja kwa moja.

Kwa usomaji wa PacBio huna chipu ya kuhangaika nayo, kituo ndicho kinachoendesha. Mavuno yakiwa madogo, omba ripoti ya urefu wa vipande kabla na baada ya maktaba. Ikiwa vilikuwa virefu mwanzoni na baadaye vimekuwa vifupi kuliko ilivyokusudiwa, huenda DNA ina majeraha ya kemikali. Rudi dalili ya 3.

Dalili ya 6: sehemu kubwa ya visomo si ya jenomu ya kiini

Visomo ni vile vipande ambavyo mashine imevisoma. Vilinganishe na jenomu ya kloroplasti ya agave, ambayo ina bezi takriban 157,000 tu. Kila seli ya jani la kijani ina nakala zake nyingi mno, kwa hiyo jani la kijani hukuletea kloroplasti uliyoilipia kwa bei ya kiini. Vichuje, kisha hesabu upya kina kilichobaki, yaani kila sehemu ya jenomu imesomwa mara ngapi. Kama bado kinatosha, endelea. Si kila dosari inahitaji sampuli mpya.

Visomo vya kuvu na bakteria ni jambo jingine. Mkonge unaooza kwenye shina huwa na Aspergillus, na mmea unaoonekana mzima unaweza kuwa nao ndani. Pima kwa Kraken2, programu inayotambua kisomo ni cha kiumbe gani, halafu chora kontigi (vipande virefu vilivyounganishwa kutokana na visomo) kwa uwiano wa G na C dhidi ya kina. Wageni hujikusanya pembeni. Mimea iliyokuzwa kwa chupa, ikiwa inapatikana, ni safi zaidi. Usifute kontigi kwa sababu tu ina kipande kinachofanana na cha mitokondria au kloroplasti: jenomu za mimea hubeba vipande hivyo kihalali.

Dalili ya 7: grafu ya kmeri haieleweki

Kmeri ni vijineno vya herufi 21 hivi vinavyohesabiwa kwenye visomo. Mmea wenye seti mbili hutoa vilele viwili, cha pili kikiwa mara mbili ya cha kwanza. Mkonge wa kawaida unaweza kutoa hadi vilele vitano vinavyoingiliana.

Vilele visipoonekana kabisa, kina ni kidogo. Chini ya visomo 15 hivi kwa kila seti, kilele cha kwanza huzama kwenye makosa ya usomaji. Hesabu kwa seti, siyo kwa jenomu nzima. Kina cha "mara 40" kinachotangazwa kwa mkonge wa kawaida, kikigawanywa kwa tano, ni mara 8.

Vilele vikionekana lakini ukubwa uliokadiriwa ni mdogo mno, tafuta kikomo cha hesabu. Programu ya kuhesabu kwa kawaida hukata kmeri zinazojirudia zaidi ya mara 10,000. Kwa jenomu iliyojaa virukaji (vipande vya DNA vinavyojinakili na kuhama) kama ya agave, hizo zilizokatwa ni bezi nyingi sana. Pandisha kikomo kifike milioni moja na urudie. Hili halihitaji data mpya wala senti moja, na ndilo linalotatua kesi nyingi.

Kisha angalia idadi ya seti uliyoiambia GenomeScope, programu inayokadiria jenomu kutokana na grafu hiyo. Inapokea hadi seti sita, lakini ikiachwa yenyewe hudhani mbili. Smudgeplot itakupa maoni ya pili kutokana na jozi za kmeri zenyewe.

Mwisho kabisa, grafu ikisema seti mbili wakati kibao kinasema mkonge wa kawaida, ama vilele vikiwa vya ajabu bila mpangilio, basi umebeba mmea usio wenyewe au umechanganya majani ya mimea miwili. Simama. Rudi kuhesabu kromosomu. Usiendelee kuunganisha jenomu ukitumaini kwamba kompyuta itatatua utambulisho wa mmea.

Dalili ya 8: programu ya kuunganisha inauawa katikati

Karibu siku zote ni kumbukumbu ya RAM. Jenomu ya binadamu kwa hifiasm, mojawapo ya programu za kuunganisha, hudai zaidi ya gigabaiti 100. Mkonge wenye seti tano unadai mara kadhaa ya hapo. Tazama kumbukumbu za mfumo kwanza, halafu nafasi ya diski, halafu muda uliopewa kazi yako kwenye foleni. Usipunguze visomo ili vitoshee kompyuta ndogo. Omba nafasi kwenye seva ya chuo au ya taasisi kubwa ya utafiti, na zungumza na msimamizi wake kabla ya kuanza.

Dalili ya 9: jenomu iliyounganishwa ni kubwa mno, au ndogo mno

Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu tiba ya mmea mmoja ni sumu kwa mwingine.

Kwa chotara 11648, ulitarajia bilioni 4 na umepata bilioni 6. Sababu ya kawaida ni kwamba seti mbili zimehesabiwa kama moja mahali zilipotofautiana. Kumbuka uzazi wake: baada ya kurudishwa kwa amaniensis, kwa wastani nusu ya jenomu ina upande mmoja wa amaniensis na mwingine wa angustifolia, na nusu nyingine ina pande zote mbili za amaniensis. Kwenye nusu ya kwanza programu hutenganisha seti bila shida. Kwenye nusu ya pili pande hufanana na huungana. Ndiyo maana ukubwa huangukia katikati, na ndiyo maana kiwango kimoja cha kuondoa nakala hakifai kila mahali. Chora kina cha visomo kwa kila kontigi. Zenye nusu ya kina ni seti zilizotengana. Zenye kina kamili zimeungana. Ukishaona hilo ndipo utumie purge_dups, programu ya kuondoa nakala, kwa mipaka uliyoiweka mwenyewe kutokana na grafu, siyo ile ya kubahatisha. Vizuri zaidi, tumia data ya Hi-C, inayoonyesha vipande vipi vya DNA vilikaa karibu ndani ya kiini, wakati wa kuunganisha ili seti mbili zitoke kila moja peke yake.

Kwa mkonge wa kawaida usiguse purge_dups kabisa. Seti tano ni kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi tano za rangi karibu moja, nawe unaambiwa uufumue kila uzi peke yake. Ukianza kutupa zinazofanana, unatupa mmea. Iambie hifiasm idadi ya seti, kwa kuwa nayo hudhani mbili. Ukubwa ukitoka kati ya bilioni 4 na 20, hiyo si hitilafu. Ni kipimo cha jinsi seti zinavyofanana.

BUSCO, programu inayopima ukamilifu wa jenomu, nayo huwatisha watu. Kwa orodha yake ya odb10 inatafuta jeni 1,614 zinazotarajiwa kwenye mimea ya nchi kavu, na kwa mkonge wenye seti tano zitaonekana nyingi kama nakala zaidi ya moja. Sawa kabisa. Kinachopaswa kukutisha ni zilizokosekana. Zikizidi asilimia 5, rudi kwenye kina na uchafu.

Jenomu ikiwa ndogo kuliko seti moja, virukaji vimeporomoka juu ya vyenzao. Visomo vifupi peke yake haviwezi kulitatua hilo, hata ukinunua mara kumi. Unahitaji visomo virefu, na hivyo vinahitaji DNA ndefu, na hiyo inakurudisha dalili ya 4.

Dalili ya 10: ramani ya Hi-C haipangiki, na ncha za kromosomu hazionekani

Tarajia makundi 30 kwa kila seti: matano makubwa na 25 madogo. Umbile hilo ni alama ya agave. Likitokea, una uhakika fulani. Makundi madogo yakijishika pamoja, mara nyingi ni virukaji vinavyofanana vinavyotoa ishara za uongo. Chuja visomo vyenye ubora mdogo wa kulinganishwa, kisha rekebisha kwa mkono kwenye programu ya Juicebox. Kontigi yenye ishara sawa sehemu mbili iache nje. Kontigi isiyopangwa haimdanganyi mtu. Iliyolazimishwa itamdanganya kila atakayeitumia baada yako.

Kuhusu ncha: programu nyingi hutafuta TTTAGGG, ambayo ni ya mimea mingi. Mimea mingi ya oda ya Asparagales, ambamo agave imo, imeiacha na inatumia TTAGGG, ileile ya binadamu. Tafuta zote mbili kabla ya kusema kwamba jenomu yako haina ncha.

Kwa seti tano, kupanga Hi-C ni kazi ya mtaalamu aliyewahi kushughulika na mimea ya seti nyingi. Mshirikishe tangu mwanzo, mwandike kwenye bajeti.

Dalili ya 11: sampuli imekwama mpakani

Jani likitoka Tanzania linahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Pia pawepo mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya taasisi mbili, unaotaja nani atamiliki data, kwa kufuata Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida za rasilimali za kijenetiki. Usijaribu kubeba jani kwenye begi. DNA iliyokwisha kutolewa na kukaushwa husafiri kirahisi zaidi, lakini haikuondolei mkataba. Afisa mikataba wa taasisi yako ndiye wa kuuliza, miezi kabla ya safari.

Dalili ya 12: jeni ni nyingi mno, au za muhimu zimekosekana

Mimea mingi ina jeni kati ya 25,000 na 45,000 kwa seti. Ukipata 90,000 kwa seti moja, virukaji havikufunikwa vizuri kabla ya kutafuta jeni. Tengeneza maktaba ya virukaji kutoka kwenye jenomu hii yenyewe. Maktaba ya mpunga au mahindi haitambui vya agave. Kisha pima LAI, inayoonyesha virukaji vimeunganishwa vizuri kiasi gani: chini ya 10 ni rasimu, na kutoka 10 hadi 20 inafaa kuwa rejea.

Jeni zikiwa chache, tazama RNA ilitoka wapi. Mara nyingi imetoka kwenye jani moja lililokatwa saa nne asubuhi. Mkonge hufungua vinyweleo vya jani (stomata) usiku na kukusanya kaboni gizani, hivyo baadhi ya jeni za kazi hiyo, ikiwemo ya kinasi inayoamsha PEPC, kimeng'enya kinachonasa kaboni, hufanya kazi usiku. RNA ya mchana haitazionyesha vizuri. Kata msingi wa jani, jani lililokomaa, mzizi na shina, na kwa jani rudia kabla ya alfajiri na alasiri. Kwa anayetafuta jeni za nyuzi, ule msingi mweupe ndio wenye seli zinazojenga nyuzi sasa hivi. Kwenye jani lililo tayari kwenda korona, seli za nyuzi zimeshakufa na hazina RNA ya kutoa.